Muulize Shangazi: Kishale Kinanikodolea Macho

Wiki nzima mvua imeshinda Uluguru, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya duka langu hapa Kilakala. Wateja wa fotokopi hawakuonekana, nikapata nafasi ya kufungua bahasha zote zilizorundikana. Nilitegemea mambo ya ndoa na mawifi kama kawaida. Wapi! Barua sita kati ya saba zimeandikwa na watu waliokwama mbele ya skrini nyeusi. Basi leo ni zamu yao.

Tuelewane kwanza: sheli nitakayoitaja humu si ya mafuta. Ni ile programu unayoiandikia amri kwa kibodi, nayo inatii au inanuna. Haya.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, naishi Mazimbu. Tulifundishwa kupanga majina kwa alfabeti kwa amri ya sort. Nikaandika sort, nikapiga Enter, kimya. Nikaandika majina ya wenzangu kumi na wawili, kila jina na Enter yake. Kimya. Kishale kinapepesa tu, kinanikodolea macho. Nimesubiri toka magharibi mpaka luku ikaisha. Kompyuta imekufa au inanidharau? — Niliyekodolewa, Mazimbu*

Marahaba, mwanangu. Haijafa, na dharau haina. Wewe ulikuwa unaisubiri, nayo ilikuwa inakusubiri, mkakaa hivyo kama wachumba wa zamani sebuleni. Hebu fikiri: sort itaanzaje kupanga kabla haijapata jina la mwisho? Huyo wa mwisho anaweza kuwa Abdallah, na Abdallah akitokea wote waliokaa mbele lazima wasogee. Kwa hiyo inangoja umwambie kwamba hakuna anayekuja tena.

Dawa yake: ukishaandika jina la mwisho na kupiga Enter, ukiwa kwenye mstari mtupu, shikilia Ctrl kisha gusa D. Mara moja tu. Majina yatatoka yamejipanga.

Ningeishia hapo, ila nakujua. Wiki ijayo utaniandikia kwamba umepiga D katikati ya jina na hapakutokea kitu. Kwa hiyo twende kituoni tukaangalie daladala.

Herufi unazoandika haziendi kwa programu moja moja. Terminali inazipakia kwanza kwenye gari. Ukipiga Enter, gari limejaa, linaondoka na mstari mzima. Ukipiga Ctrl na D, konda amepiga bodi: "Twende, suka!" Gari linaondoka na abiria waliomo, hata wakiwa watatu, bila kungoja lijae. Ndiyo maana ukiipiga katikati ya jina, zile herufi chache zinafika kwa programu, nayo inasema ahsante, imeona abiria, inangoja safari inayofuata. Sasa konda apige bodi tena pale pale kabla hajapanda mtu. Gari linafika tupu. Programu inafungua mlango, inahesabu baiti sifuri. Hapo ndipo inapoelewa kuwa kituoni hakuna mtu tena, inafunga hesabu na kukupa majibu.

Kwa hiyo waliokufundisha kwamba Ctrl na D maana yake "mwisho" wamekufundisha nusu. Maana yake ni "peleka kilichomo". Gari likifika tupu ndiyo mwisho. Ukiwa kwenye mstari mtupu, D moja inatosha. Ukiwa katikati ya maneno, piga mbili.

Na kwa nini D, isiwe M ya mwisho? Hesabu kwa vidole: D ni herufi ya nne ya alfabeti ya Kizungu, na Ctrl ikishikwa pamoja na herufi hutoa namba ya nafasi yake. Katika orodha ya herufi za kompyuta iitwayo ASCII, iliyotoka mwaka 1963, namba 4 ilitengwa kuwa ishara ya mwisho wa kutuma ujumbe, enzi za mashine za aina ya teleksi. Waliotengeneza Unix kule Bell Labs kuanzia mwaka 1969 waliikuta ishara hiyo kwenye kibodi, wakaipa kazi.

*Shangazi, mimi natumia Windows. Nimefungua Python, nikaandika programu inayosoma maneno mpaka mwisho. Nikapiga Ctrl na D kama walivyonielekeza vijana. Skrini ikaandika ^D na kuendelea kunitazama. Vijana wamenidanganya? — Baba Mtu Mzima, Kihonda*

Hawakukudanganya, kaka yangu. Walikupa dawa ya nyumba nyingine. Kwenye Windows ni Ctrl na Z, halafu Enter. Usiisahau Enter, bila hiyo utaona ^Z imekaa pale kama mgeni asiyekaribishwa.

Chanzo chake ni cha kizamani. Mwaka 1974 Gary Kildall, Mmarekani, aliandika mfumo ulioitwa CP/M. (Mwaka huo huo serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kila mtu na shughuli zake.) CP/M ilipima faili kwa madebe, kila debe baiti 128. Ilijua faili lina madebe mangapi, basi. Debe la mwisho likijaa nusu, haikujua maharage yameishia wapi na takataka zimeanzia wapi. Kwa hiyo kwenye faili za maandishi waliweka alama pale maharage yalipoishia, na alama yenyewe ilikuwa namba 26. Hesabu tena vidole, na vya miguu uongeze: herufi ya 26 ni Z. MS-DOS ikarithi, Windows ikarithi kwa MS-DOS, na wewe Kihonda umerithi bila kuulizwa.

*Anti, niko kwenye Linux. Programu ikinichosha napiga Ctrl na Z, inaondoka vizuri tu. Leo nataka kufunga terminali inaniambia kuna kazi zimesimama. Kazi gani, wakati mimi nimezimaliza zote? — Mwenye Haraka, Msamvu*

Hujamaliza hata moja. Umewalaza ukumbini. Kwenye Linux, Z haimalizi kitu, inaiambia programu "lala kwanza". Andika jobs uone waliolala, uwahesabu kwa aibu yako. Kisha fg %1 itamwamsha wa kwanza na kumleta mbele, umalizane naye ipasavyo, halafu %2, na kuendelea.

Na kabla hujakimbilia Ctrl na C: hiyo ni "toka!" Yule mwanafunzi wa Mazimbu angeipiga, sort ingefukuzwa na majina yake yote kumi na mawili mkononi, na yeye asingepata hata moja lililopangwa. C unamfukuza, Z unamlaza, D unamwambia umemaliza kusema.

*Shangazi, shikamoo. Nilikuwa nimeingia kwenye seva ya mbali. Nikatumia cat kuandika faili dogo, nikapiga Ctrl na D mara mbili ili nihakikishe. Nikajikuta nje, seva imenifungia mlango. Nimekosa nini? — Niliyetolewa Nje, Bigwa*

Marahaba. Umekosa subira. D ya kwanza ilimaliza cat. Ya pili ikamwangukia mwenye nyumba, yaani sheli. Sheli nayo ni programu inayosoma kibodi kama wengine. Ukiipelekea gari tupu inaelewa kwamba umeaga, inakufungulia mlango na kukutakia safari njema. Haina kinyongo. Ingia tena.

Yamenikuta na mimi, tena kwa fujo zaidi. Siku moja nilikuwa kazini kwenye ofisi ya watu, nimeingia kwenye seva, na kutoka seva hiyo nimeingia nyingine. Kidole kikawa kizito kwenye D. Ya kwanza ikanitoa seva ya pili, ya pili ikanitoa seva ya kwanza, ya tatu ikafunga dirisha la kompyuta yangu mwenyewe. Nikabaki natazama picha ya ukutani ya kompyuta, na bosi amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

Jioni hiyo hiyo nilifungua faili la .bashrc nikaongeza mstari mmoja: IGNOREEOF=3. Sheli ya bash ikiona hiyo inavumilia gari tupu mara tatu mfululizo, kila mara ikikukumbusha kwamba ukitaka kutoka useme kwa mdomo, uandike exit au logout. Ya nne ndiyo inakutoa. Seva ya mbali nayo ina .bashrc yake, kwa hiyo mstari huo uuandike huko pia. Wenye zsh wanaandika setopt IGNORE_EOF.

Na usishangae ukipiga D kwenye mstari wa bash wenye maneno, ikafuta herufi iliyo chini ya kishale. Bash haipandishi abiria wake kwenye daladala; inampokea kila mmoja mlangoni, na ina taratibu zake.

*Shangazi, naandika cat > orodha.txt <<EOF, kisha maneno yangu, kisha EOF. Inaniletea alama ya > tu, mstari baada ya mstari. Nimeandika EOF mara tisa! — Mchovu, Kigurunyembe*

Naona kwenye barua yako kwamba umeacha nafasi mbele ya EOF ili ipendeze. Haitaki kupendeza. Lazima ianze mwanzo kabisa wa mstari, na isifuatwe na chochote, hata nafasi moja isiyoonekana. Hilo neno lenyewe halina uchawi. Ulilichagua wewe hapo juu. Mimi huandika <<BASI, na nikimaliza naandika BASI. Mpaka leo haijawahi kunibishia.

*Anti, nimeandika programu kwa lugha ya C ya kuhesabu baiti za faili. Kila faili la maandishi inahesabu sawasawa. Nikaipa picha ya JPEG ya mlima niliyoipiga asubuhi, ikasema sifuri. Faili lina zaidi ya megabaiti mbili! Nimeambatisha mistari yenyewe. — Binti wa Mzumbe*

Mwanangu, kwa kuambatisha mistari nakupa soda. Nimeiona: char c; halafu while ((c = getchar()) != EOF). Kosa liko kwenye neno la kwanza kabisa.

Getchar inaweza kukuletea wageni 256 wa aina tofauti, namba 0 mpaka 255. Juu ya hao, kuna mmoja wa ziada anayekuja kusema shughuli imekwisha: huyo ni EOF, ambaye karibu kila mahali ni −1. Jumla 257. Wewe umepanga viti 256, maana char ya baiti moja haina zaidi. Huyo wa ziada akakosa kiti, akakaa kwenye kiti cha mgeni namba 255. Sasa kila 255 ikiingia, programu yako inadhani shughuli imekwisha. Na picha ya JPEG, kila mojawapo duniani, huanza na baiti 255. Mlima wako ulipoingia mlangoni tu, programu ikazima taa.

Maandishi yako ya Kiswahili hayakukuumbua kwa sababu kwenye UTF-8 baiti 255 haitokei kabisa. Ungeweza kukaa na kosa hili miaka. Badala ya char andika int, neno moja, hesabu itakaa sawa. Halafu umwambie rafiki yako mwenye Raspberry Pi asijaribu ile ya zamani: kwenye Linux ya huko char haijui namba hasi, −1 inageuka 255, haifanani na EOF hata kidogo, na programu haitakoma mpaka aifukuze kwa C.

*Shangazi, mchumba wangu yuko Turiani. Siku nane hajajibu ujumbe wangu. Je, ndiyo mwisho? — Mwenye Moyo, Kilakala*

Umekosea wiki, lakini nitakujibu kwa sheria za leo. Kimya peke yake si mwisho. Programu inayosubiri na programu iliyopokea gari tupu ni mbili tofauti. Ya kwanza bado ina mlango wazi. Tatizo ni kwamba sort ilikuwa tayari kumsubiri yule wa Mazimbu mpaka luku iishe, na wewe una kazi Jumatatu. Panda gari uende Turiani ukaulize.

Nafasi imeniishia, na bado kuna vijikaratasi viwili vya waliopiga D kwenye mstari mtupu, wako Linux, na bado kimya. Ninyi ikiwa programu imekwama, ifukuzeni kwa C kwanza. Halafu andikeni stty -a mtafute palipoandikwa eof = ^D. Pakiwa na kitu kingine, kuna mtu au programu imechezea terminali yenu. Andikeni stty sane mpige Enter, itarudi kwenye hali yake.

Barua za wiki ijayo ziachwe dukani kabla ya Ijumaa jioni. Andika ni Windows au Linux, andika ulichoandika wewe na ilichojibu yenyewe, herufi kwa herufi. Barua inayosema tu "kompyuta imegoma" nampa jirani yangu afungie vitumbua.