Jogging na Supu

Jumamosi alfajiri Dar es Salaam, barabara ni mali ya klabu za jogging. Fulana za sare, filimbi, nyimbo za mchakamchaka, na nyuma gari la muziki likiwaamsha wagonjwa wa mtaa mzima kuwaambia afya ni mtaji. Saa mbili msafara unamalizia, kwa bahati njema, mkabala na banda la supu.

Hapo ndipo shughuli huanza. Bakuli la kongoro, chapati mbili, "niongezee ya tatu, mama, leo nimekimbia," na soda ya kushushia. Nusu saa ya kutembea haraka huunguza kalori kama 150. Chupa moja ya soda inarudisha karibu zote kabla jasho halijakauka. Chapati hata hatujazigusa.

Ndiyo, mazoezi hufaa moyo, presha na usingizi, na husaidia kilo zilizotoka zisirudi. Ila kuzitoa ni kazi ya sahani kuliko raba. Klabu hazipendi kusikia hilo. Nani atachapisha fulana ya kukataa chapati? Mhazini, maskini, kila mwaka anaagiza fulana zilezile, saizi moja juu.