Sifa za Henza Iliyozama Mlingotini

Tanga husifiwa kwa kuwa linaonekana. Mimi naisifu henza, kamba ya kutwekea tanga, tena si henza yoyote: ni ile iliyoponyoka na kutumbukia ndani ya mlingoti, ikatulia humo kama mwari aliyetawishwa.

Jahazi halijui raha hiyo. Mlingoti wake ni mti mzima, henza inapita nje mbele ya macho ya nahodha, na ikikwama hata mtoto wa ufukweni atakuonyesha kwa kidole. Pasipo siri, elimu itatoka wapi? Yoti zinazotia nanga Kilifi zina milingoti ya alumini, mitupu ndani kama bomba. Henza hufichwa humo zisizuie upepo wala zisiliwe na jua. Hoja nzuri, siipingi, ingawa wahenga walishasema yao kuhusu mficha uchi.

Kubadili henza ni kazi ya nusu saa. Unashonea uzi kwenye ncha ya ile kuukuu, unaivuta itoke, na uzi unabaki ndani uje kuivuta mpya. Mimi kwa haraka zangu sikushona, nikafunga kwa utepe wa mafundi umeme. Utepe ukaachia njiani. Henza kwa ukarimu wake ikanipa kazi ya siku mbili. Mwenye chombo akalipa moja.

Nani mwingine angenipandisha mita 15, nikaning'inia kwenye kiti cha turubai na kuiona hori yote ya Kilifi bila nauli? Huko juu niliteremsha uzi wenye chubwi. Ikakwama pale mabawa ya mlingoti yanapokazwa kwa bolti. Nikafunga kipande cha mnyororo wa baiskeli badala yake, maana huo hujipinda ukapenya, na ukifika chini sumaku inaunasa bila kushika alumini. Chini mwenzangu alikuwa amekodoa jicho kwenye tundu la vidole viwili, kiopoo cha waya mkononi, akipiga kelele: "Naiona, kaka! Naiona!" Mara tatu alichokiona kilikuwa waya wa taa.

Jioni ya pili mnyororo ukatoka, uzi ukavutwa, henza mpya ikapita. Tukashikana mikono. Tukatweka tanga kubwa, na henza ya tanga la mbele, ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ikaanza kupanda taratibu, kama mdogo mtu anayemfuata dadake sokoni.

Nikaomba kiti.