Mark X Iliyokuja Kibada

Gari likiagizwa Japan, maneno ndani ya nyumba huanza kabla meli haijang'oa nanga Yokohama. Kwetu Kibada, Kigamboni, yalianzia mezani, simu ikipita mkono kwa mkono na kila mtu akitaja anachokitaka. Mume wangu alikuwa amengoja miaka mingi. Mkopo wa SACCOS ulipopita, moyo wake ulikuwa umeshatua kwenye Mark X, gari ambalo Toyota waliliingiza sokoni mwaka 2004 kushika nafasi ya Mark II, wakaacha kulitengeneza mwaka 2019. Ni gari la familia lenye roho ya mbio: injini ya silinda sita, na kwa kawaida nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma. Simlaumu hata kidogo kwa kulipenda. Mtu aliyesimama kwenye daladala na kusubiri pantoni tangu ujana wake ana haki ya kutamani gari linaloitika mara tu linapokanyagwa mafuta.

Kazi ilikuwa kwenye kuchagua. Gari la mtumba haliongezewi kitu kiwandani. Aliyelinunua likiwa jipya kule kwao ndiye aliyechagua viti, rimu na dari, nawe unachagua katika yale aliyoyachagua yeye, kwa barabara zake na mvua zake. Shemeji yangu, ambaye ndiye mjuzi wa magari katika ukoo, alishikilia S Package: bampa lililoshuka, sketi za ubavuni, shokapu ngumu, rimu za inchi 18. Kijana wetu alimuunga mkono. Binti yetu alitaka sanrufu, aone nyota tukirudi usiku. Mimi niliomba Four, ile inayovuta magurudumu yote manne, kwa sababu naujua mtaa wetu: ukiacha lami tu, ni mchanga mpaka mlangoni.

"Mama Watoto, Four ni ya watu wa theluji," shemeji alinijibu. "Sisi theluji tunaitoa wapi?"

Ni kweli Wajapani wa Hokkaido huipendea theluji. Lakini gurudumu la nyuma linalozunguka bure kwenye theluji huzunguka bure kwenye mchanga pia.

Mama mkwe alikuwa papo hapo, tasbihi mkononi. Hakuulizwa.

Siku iliyofuata tukaingia kwenye kikokotoo cha TRA, na hapo meza ikatulia. Wakati ule injini inayozidi cc 2,000 ilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, mara mbili ya ile ya kati ya 1,000 na 2,000, na ya Mark X tuliyoitaka ilikuwa cc 2,500. Gari lililopita miaka kumi liliongezewa asilimia 30 kwa uzee wake; la miaka minane hadi kumi, 15. Juu ya hayo kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18. Ili kukwepa ile 30 ikabidi tutafute gari la karibuni zaidi, na bei yake ikamaliza akiba. Lililobaki ndani ya uwezo wetu, safi na jeupe, lilikuwa na S Package na sanrufu. Mume wangu akalipa.

Lilipotoka bandarini lilikuwa zuri, sitasema vinginevyo. Navi ilitusalimu kwa Kijapani na kutuonyesha ramani isiyo na Kigamboni, na redio, kama zilivyo nyingi za kule, iliishia 90, hivyo stesheni nyingi za Dar hatukuzipata mpaka fundi alipoongeza kifaa. Hayo yalikuwa madogo.

Siku ya kwanza kwenda Magogoni, mume wangu alitaka kupita kwenye pantoni ili watu walione gari. Maji yalikuwa yamepwa. Maji yakipwa, pantoni hukaa chini, na pale mlango wake unapokutana na gati hutokea pembe kali. Tulisikia mkwaruzo mrefu, kisha abiria waliosimama pembeni wakatuita: kipande cha chini cha bampa kimebaki nyuma. Tangu siku hiyo tukawa watu wa daraja la Kigamboni, lile la mita 680 alilolizindua Rais Magufuli mwaka 2016, tukizungukia Kurasini na kulipa tozo.

Kisha ikaja harusi ya Chang'ombe, katikati ya masika. Mama mkwe alikaa mbele, kitenge kipya, kilemba kimefungwa kwa ustadi. Usiku kucha gari lilikuwa limelala chini ya mwarobaini, mvua ikinyesha. Hatujafika barabara kuu, bodaboda alikatiza, mume wangu akashika breki, na maji yakamwagika kutoka kwenye taa ya dari kama ndoo iliyopinduliwa, yote juu ya kilemba cha mama.

Alikaa kimya kidogo, akajifuta uso. "Baba, hili gari mmelinunua na paa?"

Tukageuza turudi akabadilishe nguo. Mtaani kwetu magurudumu ya nyuma yakachimba mchanga mpaka sketi za ubavuni zikalala chini. Ikabidi wote tushuke, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. Kiti kile kiko chini mno, na magoti ya mama ni mabovu. Mume wangu alipiga magoti kwenye matope na suti yake, akamkumbatia mama yake na kumwinua taratibu, huku vijana wa bodaboda wakisukuma na sisi tumeshika viatu mikononi.

Fundi alituonyesha chanzo. Sanrufu haizibi maji yote. Ina mfereji unaoyapokea na mipira myembamba kwenye pembe inayoyashusha chini ya gari. Vijani vya mwarobaini vilikuwa vimeiziba. Aliisafisha kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, akakataa upepo wa kompresa kwa kuwa huweza kuchomoa mpira mahali usipopaona. Zile rimu za 18 tuliziuza. Tairi lake lilikuwa 235/45, maana yake ubavu ni asilimia 45 ya upana, kama sentimita 10 na nusu tu kati ya rimu na shimo. Sasa tuna za 17, zenye ubavu mnene zaidi, na springi zimeinuliwa.

Kwa mtaa kama wetu, Four ingestahili kila senti. Nawe ukiifuata, kumbuka kwamba gari la mikoa ya theluji limepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi: dai picha za chini yake, na kwenye karatasi ya mnada tazama alama za S na C, ambazo ni kutu na kuliwa kwa bati. Halafu, kabla ya kutuma pesa, tafuta gari la aina hiyo hapa mjini, umkalishe mzee wako kiti cha mbele, umwombe ashuke mwenyewe.