Barua ya Wazi kwa Bodi ya Utawala ya Rwanda: Kuhusu Roho Mtakatifu na Maegesho ya Magari

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Nengo, Gisenyi, kwenye mitende, mchanga wa Ziwa Kivu na hoteli zinazotazama maji. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017, na ndiyo lugha ya soko letu na ya mpakani. Kwanza pokeeni pongezi. Mwaka 2018 yalipofungwa makanisa zaidi ya 700 jijini Kigali, Mheshimiwa Rais alistaajabia wingi huo akauliza kama hivyo vyote ni visima vya maji. Mwaka 2024 mkarudi na ukaguzi wa nchi nzima: nyumba za ibada kama 14,000 zikapitiwa, zaidi ya 9,800 zikafungwa. Wanateolojia wamegombana karne na karne kuhusu alama za kanisa la kweli. Luther alihesabu saba, Calvin akatosheka na mbili, yaani Neno na sakramenti. Ninyi mmeumaliza ugomvi kwa fomu moja: choo, kinga ya radi, ukuta usiopitisha kelele, ua safi, mahali pa kuegesha magari, na juu ya yote kiongozi mwenye shahada.

Ni vigezo vizuri. Tatizo ni kwamba huku Nengo majengo yanayovitimiza bila shida ni hoteli za ufukweni. Kwa kipimo chenu, Roho Mtakatifu amekwisha kuhamia huko, kapewa chumba cha upande wa ziwa, na kifungua kinywa ni bure. Na tukiwa bado hapa ufukweni, mkumbukeni yule mhubiri wa Galilaya aliyeazima mtumbwi wa mvuvi, akaketi ndani yake na kufundisha watu waliosimama mchangani. Choo hakikuwapo, magari hayakuwa na pa kuegeshwa, na siku alipowalisha wanaume elfu tano nyikani hakuna aliyeomba kibali cha mkusanyiko. Eliya naye alikutana na Mungu wake pangoni, na mapango ninyi mmeyapiga marufuku. Nasema haya kwa heshima, kwa sababu Biblia nzima ingewapa wakaguzi wenu kazi ya miaka mingi.

Najua mtakalonijibu, na jibu lenu lina uzito. Machi 2018 radi ilipiga kanisa la Waadventista wilayani Nyaruguru, ikaua watu 16 waliokuja kusali. Mchungaji anayesema kufunga kinga ya radi ni kukosa imani anamjaribu Mungu kwa roho za watu wengine. Choo ni afya ya umma. Kipaza sauti kinachonguruma usiku kucha dirishani kwa mgonjwa si injili, ni adhabu. Katika hayo yote kalamu yangu inaweka kejeli chini. Mhandisi na akague paa, afisa afya na akague shimo. Ninachogombana nacho ni pale fomu inapomaliza paa na kuanza kupanda mimbarini.

Sheria ya 2018 ilidai kwamba anayeongoza kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine yoyote pamoja na cheti cha masomo hayo, na ikatoa miaka mitano ya kujipanga. Muda huo uliisha 2023. Sababu mliyoitoa inaeleweka: wapo wahubiri wanaowapumbaza watu, wanaouza maji na mafuta ya miujiza, wanaomwambia mgonjwa atupe dawa. Ugonjwa upo, hakuna anayebisha. Lakini dawa mliyoiandika inafikiri kwamba mchungaji mbaya ni mchungaji asiyesoma, na kama kuna nchi duniani inayojua kwamba hilo si kweli, ni hii yetu. Athanase Seromba alikuwa padri, aliyepita njia yote ya seminari ambayo upadri wa Kikatoliki unaidai. Kanisa lake la Nyange halikuwa turubai wala mabati ya kukodi. Aprili 1994 lilibomolewa kwa tingatinga juu ya Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia ndani, na mahakama ya kimataifa ya Arusha ikamhukumu kwa sehemu yake katika mauaji hayo, kifungo cha maisha katika rufaa ya 2008. Elizaphan Ntakirutimana alikuwa mchungaji na kiongozi wa Waadventista katika eneo la Kibuye. Mwaka 2003 mahakama ileile ilimpa miaka kumi. Fomu yenu ingewapitisha wote wawili kabla ya saa nne asubuhi, na mkaguzi angeaga kwa kusifu usafi wa ua.

Sasa tazameni mji huuhuu. Mwaka huohuo wa 1994, katika Kituo cha Mtakatifu Petro hapa Gisenyi, alikuwapo Félicité Niyitegeka. Hakuwa padri wala mchungaji, alikuwa mlei aliyejiweka wakfu. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kuingia Zaire. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na kaka yake afisa wa jeshi alitaka kumwokoa. Alikataa kuwaacha waliokuwa mikononi mwake, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili kwenye makaburi yanayoitwa Commune Rouge. Serikali, ileile inayowatuma ninyi, imemweka katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa. Nauliza kwa unyenyekevu: kamati ya mashujaa ilipoketi, ilimwomba nani nakala ya cheti chake iliyothibitishwa kwa muhuri?

Mtu atasema 1994 ni mfano uliopita kiasi, kwamba siku za kawaida shahada inasaidia. Haya, tuchukue siku za kawaida. Kitu kikubwa kuliko vyote ambacho Ukristo wa Rwanda umewapa majirani zake ni uamsho uliowaka Gahini miaka ya 1930, ukaenda Uganda, Kenya na Tanganyika, na hadi leo watu wanasalimiana kwa wimbo wa Tukutendereza bila kujua uamsho huo ulitoka mlima gani. Walioubeba mwanzoni walikuwa daktari wa hospitali, Joe Church, wahudumu wake wa wodini, mwalimu Blasio Kigozi, na Simeoni Nsibambi aliyekuwa mtumishi wa afya Kampala. Walihubiri kuungama dhambi hadharani na kurudisha mali ya wizi, wakawakera maaskofu wenye shahada zao. Sisemi elimu ya teolojia ni bure. Asiyejua nabii fulani alisema na nani, lini na kwa nini, ataligeuza andiko lolote kuwa hundi ya benki. Msomesheni kila anayetaka kusoma, na walio masikini wapeni ufadhili. Ila kusoma ni jambo moja, na kuifanya karatasi kuwa lango la mimbari ni jingine. Amazia, kuhani wa Betheli, alimfukuza Amosi kwa hoja kwamba pale ni patakatifu pa mfalme. Amosi akajibu kwamba yeye ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Kwa fomu yenu Amazia alikuwa na haki.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya. Mtanitajia msitu wa Shakahola, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanza kuhubiri. Ni kweli. Lakini Mackenzie alikuwa amekwisha kufikishwa mahakamani miaka kadhaa kabla ya msitu ule, na kilichokosekana si chuo cha teolojia, ni polisi wa kufuata malalamiko ya jamaa za watu. Na nikitajiwa Kenya, nami nataja Uganda. Kanungu, Machi 2000, mamia waliteketea katika kanisa lililofungwa madirisha. Kundi lile lilikuwa limesajiliwa rasmi, na mmoja wa viongozi wake, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesoma hadi Marekani. Karatasi zilikuwa kamili, zote.

Linabaki suala la fedha, na hapa ndipo ninapowaonea huruma, maana mmemfanyia tapeli kazi ambayo yeye mwenyewe asingeiweza. Mfikirieni mama anayevuka mpaka mdogo alfajiri na beseni la mboga kichwani kwenda Goma, akarudi jioni na faida ya noti chache. Jumapili alikuwa akipewa bahasha mbili, ya zaka na ya shukrani. Sasa kuna ya tatu imeandikwa Ujenzi, na mchungaji hahitaji tena kuota maono ili kuielezea, anawataja ninyi tu. Vigae, kinga ya radi, ukuta wa kuzuia sauti, karo ya chuo cha mchungaji: kila kigezo kimekuwa mahubiri, na kila muhuri wa kufunga mlango umekuwa changizo. Kanisa la kwanza kulipa vyote ni lile lililozoea kukamua, lile ambalo mtumishi wake anaitwa daktari na ana gari la kuegesha. La mwisho kufunguliwa ni lile la wazee kumi na wanane wanaoimba bila gitaa na kuzika maiti wa jirani bila malipo. Mlitaka kuwalinda maskini dhidi ya mbwa mwitu, mkaweka lango ambalo ada yake mbwa mwitu peke yake anaimudu.

Kwa hiyo naomba mabadiliko madogo katika fomu. Sheria ileile inataka michango ya waumini ipitie kwenye akaunti ya benki iliyo nchini. Basi pale palipoandikwa shahada ya kiongozi, wekeni hesabu za mwaka, zibandikwe mlangoni kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kwa herufi ambazo yule mama wa beseni anaweza kuzisoma: kilichoingia, kilichomfikia mchungaji, kilichofika kwa wajane. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa apelekwe polisi, awe na shahada au asiwe nayo. Choo na kinga ya radi vibaki kama vilivyo, na kanisa la maskini lipewe muda na fundi wa wilaya badala ya kufuli. Maegesho ya magari naomba yafutwe kabisa, kwa kuwa waumini wengi wa huku huja kwa miguu, na wenye magari hawajawahi kukosa pa kuyaweka.

Wenu katika utii,
Mkristo wa Nengo, asiye na cheti