Tairi la 28

Katika nyumba yetu hapa Rau, baiskeli ndiyo inayolisha ng'ombe. Majani ya migombani hayatoshi, kwa hiyo kijana wetu hushuka alfajiri upande wa mashamba ya mpunga, akafunga mzigo kwenye keria na kuusukuma kupanda hadi bandani. Baiskeli yenyewe ni Phoenix, ile nyeusi ya Kichina yenye breki za fito za chuma. Marehemu baba mkwe aliinunua kwa fedha ya kahawa, na Bibi hakubali ilale nje.

Tairi la nyuma lilipoanza kuonyesha nyuzi, baba watoto alikuwa mjini Moshi kufuata dawa ya kuku. Kwenye supamaketi moja akakuta pipa zima la vifaa vya baiskeli vilivyoshushwa bei: matairi, pampu, mipira ya breki, taa za betri, makoti ya mvua. Tairi limeandikwa 28. La kwetu ni 28. Akachukua kimoja cha kila aina, nami nilipofungua mfuko nilifurahi kwa moyo wote. Tunaishi kwa maziwa na ndizi. Ukiokoa elfu kumi nyumbani kwetu umenunua pumba.

Kazi ikaanza baada ya chai ya jioni. Upande mmoja wa tairi uliingia kwenye rimu kwa taabu, wa pili ukagoma. Baba watoto akavuta, mdogo wake akakandamiza kwa goti, kijana akashikilia gurudumu. Shemeji akaomba kijiko. Nikampa cha chai, kikapinda. Akaingia mwenyewe ndani, akatoka na vijiko vya Bibi, vile vizito vya kupakulia ambavyo huonekana Krismasi tu, wana wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko.

“Mwanangu, hivyo ni vya arusi yangu,” Bibi alisema.

“Mara moja tu, mama.”

Kijiko kikateleza, kikatoboa tyubu. Tyubu nzima, haikuwa na hata kiraka.

Wakaziba pancha, wakaleta pampu mpya ili kuhakikisha kama upepo unakaa. Kichwa chake kilitengenezwa kwa mdomo mnene kama wa tairi la gari, na tyubu ya Phoenix ina mdomo wa kizamani wenye kipira chembamba ndani. Upepo wote ulitokea pembeni. Mipira ya breki nayo ilikuwa ya kubana rimu ubavuni kwa kuvutwa na waya. Breki zetu huvutwa na fito kwenda juu, mipira ikaibana rimu kwa upande wa ndani. Hapakuwa na mahali pa kuifunga.

Asubuhi ng'ombe walilia. Kijana alikwenda kwa miguu, akarudi na mzigo kichwani usiofika nusu ya ule wa kila siku.

Nikaikokota baiskeli mwenyewe hadi kwa fundi, tairi jipya begani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Hili limekataa kuingia.”

Akafuta vumbi ubavuni mwa tairi letu kuukuu kwa dole gumba. “Usisome hii 28, mama. Soma hizi ndogo.” Kuukuu lilikuwa na 40-635, jipya 40-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale linapokaa kwenye rimu. Zipo 28 zaidi ya moja: ya baiskeli ndefu za zamani kama yetu ni 635, na ya baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya ni 622. Milimita 13 za kipenyo zinapunguza mzunguko kwa sentimita nne. Hakuna kijiko kitakachovuta sentimita nne za waya wa chuma.

Jambo hili bado linaniuma. Kipimo hicho ni cha kimataifa, kina hata jina, ISO 5775, na kimechapwa kwenye mpira wenyewe. Lakini kibao cha bei kiliandika 28 kwa wino mwekundu na kuishia hapo, na tuliporudisha mzigo tukaambiwa pakiti imefunguliwa. Mwenye duka zuri, mwenye risiti na kamera, ameshindwa kumwambia mteja kile ambacho fundi anayekaa chini ya mti anakijua kwa kidole. Mtu wa kipato kidogo ana haki ya bei ndogo, na ana haki ya kipimo kamili pia.

Fundi alituuzia tairi la 635, akatutafutia na kijana mwenye baiskeli ya mtumba aliyelihitaji lile la 622. Pampu ilikwenda kwa jirani. Toroli lake lina mdomo mnene. Koti la mvua ni zuri sana, masika yote limemkinga kijana wetu, na taa inamulika njia ya kupeleka maziwa jioni. Vijiko vilinyooshwa kwa nyundo. Bibi amevipokea, ila kabati sasa linafungwa.

Baba watoto anatembea na karatasi aliyoandikiwa na fundi: 40-635, mdomo wa kizamani, breki za fito. Juzi alipita tena kwenye pipa lile akaona tyubu za bei ya chini. Akampigia fundi simu akiwa palepale, akamsomea maandishi ya kwenye boksi, akairudisha tyubu, akaja na koti la mvua la mdogo wake.