Sifa za Mgeni Asiyekaa

Wengine na wawasifu simba na masultani. Mimi namsifu mgeni anayefungua tovuti yangu ya kanga, akachungulia, akatoka bila kuaga.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu akabidhiwe jembe. Wa kwangu hamsumbui mtu kutafuta jembe: sekunde mbili, ya tatu keshaondoka. Wala hanionei mimi peke yangu. Mwaka 2016 Google walitoa hesabu kwamba asilimia 53 ya wanaoingia tovuti kwa simu huziacha zikichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Adabu iliyoje! Hali wali wako, hakuachii shuka la kufua.

Mafundi wa tovuti husema amebaunsi, neno lile lile la hundi isiyo na pesa. Sawa, lakini tutafakari: hundi ikibaunsi, nani hutafutwa, karatasi au aliyeiandika?

Mfumo wa zamani wa Google Analytics, uliosimama Julai 2023, ulimwonea zaidi. Mtu aliyesoma ukurasa mmoja robo saa nzima, akaridhika, akaenda zake, aliandikwa amebaunsi. Mfumo mpya angalau humhesabia heshima akifikisha sekunde 10. Mteja wangu mmoja wa Tanga huingia, hunakili namba ya simu, hutoka, kisha hunipigia na kuagiza doti sita. Kwenye takwimu ni mtoro.

Ila sifa yake kubwa ni ukweli. Nilipofungua duka hili ndugu wote walisema mashallah, limependeza. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, tovuti imetulia." Na kweli ilitulia: haikuingia mtu akakaa. Nilikuwa nimeweka picha kubwa ya duka ukurasa wa mbele, taarabu inayojipiga yenyewe, na kidirisha kinachodai barua pepe ya mtu kabla hajaona hata pindo la kanga. Wageni walipokimbia nililaumu mtandao, nikawalaumu na vijana wa siku hizi. Hadi jioni moja, nikiwa kituo cha daladala, bando limebaki la kuombea, nikaifungua kwa simu yangu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Taarabu ikalia watu wakageuka. Nikaifunga haraka, na hapo nikajua nimebaunsi kwangu mwenyewe.

Nikaipunguza picha, kidirisha nikakitoa, taarabu nikainyamazisha (hilo bado linaniuma). Mgeni akaanza kufika ukurasa wa kanga. Akawa anaondokea hapo! Nilikaa na takwimu zile wiki mbili nikimsengenya, kumbe alikuwa ananionyesha kwa kidole. Kanga zangu nilizipiga picha zikiwa zimekunjwa vizuri kama za rafuni, na jina halisomeki. Nani anunue kanga asiyojua inasema nini? Akijifunga siku ya shughuli, huenda akamtukana wifi yake kwa bahati mbaya, na hali alitaka kumtukana kwa makusudi, kwa kanga nyingine. Nikazitandaza zote na kuandika majina chini ya picha.

Kisha akawa anatoroka kwenye kikapu. Hapo angalau nina wenzangu wengi: taasisi ya Baymard, inayokusanya hesabu za maduka ya mtandaoni, inasema takriban vikapu 70 kati ya kila 100 huachwa, na sababu inayoongoza ni gharama zinazoibuka mwishoni. Nami nilikuwa nimeificha nauli ya mzigo mlango wa mwisho, pamoja na fomu inayouliza tarehe ya kuzaliwa. Sijui niliitaka ya nini. Siuzi keki.

Sasa nauli inaonekana chini ya bei, mapema. Juzi usiku wa manane akaja mmoja kutoka Maskati. Akafungua, akasoma majina matatu, akarudia la pili, akatazama nauli, akaondoka. Dakika moja na sekunde 40! Nikamwamsha mke wangu.

"Baba Salma, amenunua?"

"Hajanunua. Lakini amekaa."

Akajifunika shuka, akageukia ukutani.