Jinsi ya Kurudi na Daftari Tupu

Mwanafunzi wa uzamili, kama unataka kufanya mahojiano 30 kijijini na usijue lolote, njia zipo na zimeshajaribiwa. Fuata hizi.

1. Ongozana na mwenyekiti wa kijiji. Kumpigia hodi na kumwonyesha kibali ni wajibu. Wewe zidisha: nenda naye mpaka kwa mama anayedai fidia ya shamba, naye aketi kwenye mkeka huohuo. Mama atasema mambo ni shwari.

2. Mtilie jibu mdomoni. Uliza, "Mradi wa maji umewasaidia, sivyo?" Atajibu, "Umetusaidia sana, mwanangu," maana mgeni havunjwi moyo. Chunga usije ukauliza, "Jana mlichota wapi?" Atakueleza habari za bomba lililokauka, foleni ya alfajiri na bei ya dumu, na daftari litajaa.

3. Ogopa kimya. Akinyamaza, rukia swali linalofuata. Ungesubiri kidogo, angepata maneno aliyokuwa anayatafuta.

4. Ukishazima kinasa sauti, zima na masikio. Neno zito husemwa wakati wa kuagana, ndala zikitafutwa mlangoni.

5. Lala mjini, njoo na mkalimani, ondoka kabla jua halijachwa. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alipiga hema kijijini katika visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji. Ndiyo maana alirudi na ya kusimulia.

6. Hesabu vichwa tu. Greg Guest na wenzake, katika makala ya mwaka 2006, walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mambo mengi makuu yalikuwa yameshajitokeza kufikia la 12. Lakini hilo huonwa na anayesoma alichokusanya. Wewe kusanya, utasoma wiki ya kuwasilisha.

Nimeyaandika haya kwa uchungu. Mkulima anayeacha jembe saa nzima ili akujibu, saa hiyo hairudi. Amekupa siku yake na siri ya nyumba yake, akiamini kuna mtu anasikiliza. Basi keti chini, uliza kwa adabu, nyamaza. Tasnifu ikikamilika, kabla hujaifungia kabatini, rudi ukawasomee wenyewe uliyoyaandika juu yao, wakusahihishe.